Mikonge Mitatu Isiyokatwa

Kuna msemo Tanga: waja leo, waondoka leo. Wenyeji huutumia kumcheka mgeni, maana anayeshuka stendi akiapa kwamba amekuja leo na leo hii anaondoka, ndiye huyo huyo utakayemkuta miaka ikipita ameoa, amejenga, na anagombea uenyekiti wa mtaa. Lakini wawekezaji msemo huo haukuwapata. Wao walikuja leo na wakaondoka leo kweli kweli, na aliyewasindikiza wote ni Mzee Laurenti Mhoja, dereva.

Laurenti aliendesha Landkruza nyeupe ya ofisi ya uwekezaji. Kazi yake ilikuwa kuwachukua wageni hotelini, kuwapeleka bandarini wakaone kina cha maji, kuwapitisha relini, kisha kuwafikisha kwenye maeneo yaliyotengwa kwa ajili ya viwanda. Alishambeba mtu wa mabomba ya plastiki ambaye swali lake kubwa lilikuwa mbu. Alishambeba mtu wa chupa, ambaye alikula kamba wa kukaanga mchana na jioni, akausifu mji mpaka akaishiwa maneno, akaenda kujenga kiwanda chake kwingine. Kila alipomshusha mgeni wa namna hiyo kiwanja cha ndege, Laurenti alimshika mkono na kumwambia karibu tena, na alimaanisha. Halafu alikuwa akirudi mjini polepole, redio imezimwa.

Wenzake walimtania kwamba anahuzunika kama aliyeachwa na mchumba. Yeye akasema ni uzalendo. Uzalendo ulikuwepo kidogo, sikatai, lakini sababu yenyewe iliitwa Anastazia.

Anastazia alikuwa mwanawe wa pekee. Alisomea uhandisi wa plastiki, akapata kazi Dar es Salaam kwenye kiwanda cha ndoo na mabeseni. Mama yake, Consolata, alikuwa amefariki zamani, na ndugu zake wakaja wakamchukua kwenda kumzika kwao Rombo, kwa sababu Wachaga ndivyo walivyo, hawamwachi mtu wao nje. Laurenti akabaki peke yake kwenye nyumba yake ya Chumbageni. Ndani ya nyumba hiyo alimwekea binti yake chumba: kitanda cha mninga, neti mpya, dirisha la vioo, wakati dirisha la chumba chake mwenyewe lilikuwa la mbao. Chumba kile kililaliwa Krismasi. Siku nyingine alikifungua asubuhi kipate hewa, akakifunga jioni.

Mshahara wa binti hakuuhitaji. Alitaka kitu kimoja tu, Anastazia aite Tanga kwao. Na Anastazia hakuwa akiita. Akiulizwa kwao ni wapi alijibu Tabora, kwa sababu ndivyo baba yake alivyomfundisha, ingawa si yeye wala baba yake aliyewahi kuiona Tabora hata kwa kupita. Krismasi moja alilisema wazi, akichambua mchele, wala hakuwa na nia mbaya.

"Tanga sisi tuliletwa na mkonge, baba. Hatuna shamba, hatuna ndugu, hatuna hata kaburi. Nikirudi narudi kwa kitu gani, kama si kazi?"

"Kazi zitakuja," Laurenti alisema. "Viwanda vinakuja."

Hapo ndipo alipopaswa kufungua kinywa, na hakufungua. Maana kaburi lilikuwepo.

Lilikuwa Kwamzindi, shamba la zamani la mkonge upande wa Muheza. Babu yake, Mhoja, aliletwa huko kama manamba, kibarua wa mkataba, akakata majani mpaka mapafu yakamshinda, akafa akiwa bado na deni la mkataba. Walimviringisha gunia la singa, nyuzi za mkonge ule ule, wakamfukia pembeni mwa shamba pamoja na Wanyamwezi wenzake wachache waliokwisha kutangulia. Hapakuwa na sanduku wala padri. Wenzake wakarundika kokoto za reli, wakapanda mikonge mitatu, wakakubaliana kwamba hiyo haikatwi majani. Mkonge ukishatoa mlingoti wake hufa, lakini chini yake huacha vichipukizi, na vile vichipukizi vikaendelea kuachwa, kizazi hadi kizazi, hata baada ya wakataji wenyewe kusahau kwa nini. Baba yake Laurenti alimwonyesha mahali pale akiwa kijana. Akamwambia, "Upajue, lakini usipaseme. Watu wakijua tulizikwa hivi watatudharau."

Laurenti akashika neno la baba. Kila tarehe mbili ya Novemba, siku Wakatoliki wanapowakumbuka marehemu wao, alisema anakwenda Muheza kununua machungwa. Alikwenda, akapalilia, akasali, kisha akanunua machungwa kweli, maana hakupenda kusema uongo mzima. Anastazia alikua akiamini kwamba Novemba ni mwezi wa machungwa.

Mtu mmoja tu alilijua jambo hili, naye ni Miraji, Mzigua aliyelinda eneo la Kwamzindi tangu shamba lilipokufa. Alimkuta Laurenti amepiga magoti pale mwaka mmoja, akasubiri amalize sala, ndipo akamwambia: "Nyamwezi, unatafuta babu yako au unaiba mkonge wetu?" Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani hakwepwi wala hakasirikiwi. Laurenti alicheka na machozi hayajakauka, akalipa faini ya machungwa aliyokwenda kuyanunua akarudi nayo, na tangu siku hiyo Miraji akawa anadai machungwa yake kila Novemba bila haya.

Kisha mwaka mmoja akaja Mhandisi Robert kutoka Nairobi. Kampuni yake ilichanganya singa za mkonge na plastiki, ikatengeneza kwa mchanganyiko huo milango ya magari kwa ndani, dashibodi, hata viti vya mabasi. Kitu chepesi, kigumu, kisichooza. Walitaka mahali penye mkonge karibu, bandari karibu na reli karibu, na ukisema hivyo umeshasema Tanga. Bi Loveness, mkuu wa ofisi ya uwekezaji, alikuwa mwanamke mchapakazi aliyekwisha kuwaaga wageni wengi kuliko alivyotaka kukumbuka. Safari hii hata yeye alianza kutembea kama mtu anayesikia muziki.

Laurenti alimpigia simu binti yake.

"Plastiki na mkonge?" Anastazia aliuliza. Akacheka kwa sauti ambayo baba yake hakuwa ameisikia muda mrefu. "Baba, hiyo ndiyo kazi niliyosomea. Ndoo nimechoka nazo. Hao wakijenga kweli, siku ya kwanza wanaitisha maombi mimi nimo."

"Chumba kipo," Laurenti alisema.

"Najua kipo, baba."

Eneo lililochaguliwa lilikuwa Kwamzindi. Laurenti alilijua hilo kwa wiki kadhaa, na kwa wiki hizo alijifariji kwa hoja ambayo kila mtu mwenye siri huwa nayo: eneo ni kubwa. Kiwanda kitakaa upande wa barabara. Nani aende kule mwisho kwenye kokoto? Katika ramani sehemu yote ilikuwa shamba, kaburi halikuchorwa, kwa sababu aliyepima zamani zile hakuwaona wafu wa manamba kuwa kitu cha kuchora.

Siku ya kwenda kuona eneo, Robert aliketi mbele, Bi Loveness nyuma. Robert alikuwa mtu mpole, wa maswali mafupi, Kiswahili chake cha Nairobi kimenyooka kama rula. Walipofika, Miraji alitoka kwenye kibanda chake, rungu begani. Akamwona Laurenti, uso ukachangamka.

"Ahaa! Mtumwa wangu umerudi! Na leo umeniletea na wageni?"

"Fungua geti, Mzigua, kabla hujalala tena," Laurenti alimjibu.

Miraji akafungua, akampa Robert mkono, na kabla hajamwachia akasema kwa sauti ya kutangaza mnada: "Karibu, bwana mkubwa. Lakini weye huyu dereva amekudanganya. Hapa hapajengeki! Hapa ndipo tulipowafukia hawa Wanyamwezi wote. Ukichimba msingi utakutana na meno yao, na mpaka leo yanatafuna muhogo wetu!"

Bi Loveness alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Laurenti naye alicheka, maana mtani akikuchapa unacheka, ndiyo sheria. Robert hakucheka. Alimtazama Miraji, akautazama mkono wake ambao ulikuwa bado umeshikwa, akasema, "Asante," akautoa taratibu.

Walitembea eneo lote. Robert hakuridhika na upande wa barabara, udongo wake ulikuwa na maji. Aliendelea kwenda, akikanyaga nyasi, mpaka kule mwisho ambako ardhi ilikuwa imeinuka na kukauka. Akasimama. Akapiga chini kwa kisigino.

"Hapa," alisema. "Mashine za kukandamiza nitaziweka hapa. Zinataka msingi wa kina, na hapa pako imara."

Mikonge mitatu ilikuwa nyuma yake, karibu kiasi kwamba mwiba wa jani moja ulikuwa ukimgusa mfuko wa suruali.

Ndani ya gari, kabla Laurenti hajawasha, Robert aligeuka nyuma. "Bi Loveness, huyo askari amesema kuna makaburi."

"Ah, mhandisi! Ule ni utani tu." Bi Loveness akamweleza kwa furaha: makabila yenye utani, jinsi yanavyotukanana hadi msibani, jinsi mtani anavyoweza kulala kaburini akazuia maziko mpaka apewe kuku. Robert alisikiliza kwa makini. Kwao hakuyakuta mambo hayo.

"Kwa hiyo aliyoyasema si ya kweli."

"Ni utani."

Robert akamgeukia dereva. "Mzee, wewe ndiye mtani wake. Ni utani?"

"Ni utani, bwana," Laurenti alisema. Akawasha gari.

Na ulikuwa utani, hakusema uongo. Kama machungwa.

Walirudi mjini. Bi Loveness akawapeleka mghahawani, wakaagiza wali na samaki wa nazi. Laurenti aliketi meza ya pembeni na hakugusa sahani. Simu yake ikalia. Anastazia, katika mapumziko ya mchana, hakuweza kungoja jioni.

"Shikamoo, baba. Wamepapenda?"

"Marahaba. Wamepapenda."

"Wameonyesha pa kuweka mashine?" Akaendelea bila kungoja jibu, ameshakuwa fundi, si binti. "Maana zile mashine, baba, huwezi kuzikalisha juu juu. Unachimba mpaka ufikie mwamba, unatoa kila kitu, unamwaga zege. Kinachokuwa chini hakibaki."

"Hakibaki," Laurenti akarudia.

"Hakibaki hata kisiki. Baba? Mbona kimya?"

Akamwambia mtandao unasumbua. Akaweka simu chini, akamtazama yule samaki. Aliona mambo mawili, kila jicho na lake. Kwa jicho moja aliona dirisha la vioo limefunguliwa kwa ndani, na viatu vya binti yake mlangoni. Kwa jicho la pili aliona kijiko cha mtambo kikiinua kokoto za reli na gunia, na ndani ya gunia mtu aliyetembea kutoka Unyamwezini kuja kufa bila jina, sasa anamwagwa kwenye lori la kifusi. Na dereva anayefungua mlango wa gari la wageni pale pale, kofia mkononi, ni mjukuu wake. Baba yake alimwambia asipaseme ili wasidharauliwe. Lakini ni nani sasa aliyekuwa akimdharau Mhoja, kama si yeye?

Aliinuka akaenda kwenye meza yao.

"Samahanini," alisema. "Bi Loveness, niwie radhi. Utani ni utani, lakini Miraji hakusema uongo. Babu yangu yuko pale. Yuko na wenzake. Pale pale mhandisi aliposimama, kwenye mikonge ambayo haijakatwa."

Bi Loveness aliweka kijiko chini. Hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha. "Mzee Laurenti. Wiki zote hizi umejua tunakwenda pale, umenyamaza. Umeona leo ndiyo siku?"

"Leo ndiyo siku walipoonyesha pa kuchimba, mama."

Bi Loveness akafunika uso kwa viganja. Robert alimwuliza Laurenti jambo moja tu. "Babu yako aliitwa nani?"

"Mhoja."

Robert akalisema jina lile taratibu, kama mtu anayejaribu kutolisahau, akarudi kula.

Kesho yake walikwenda tena Kwamzindi, wote, na Miraji akawaonyesha makaburi bila utani hata kidogo. Robert alivua kofia. Alipiga picha, akaeleza kwamba wanaokopesha fedha hawakubali kujenga juu ya watu, na kwamba makaburi yana njia zake kisheria, zinazochukua muda. Halafu akaondoka. Laurenti akampeleka kiwanja cha ndege, akamshika mkono, akamwambia karibu tena.

Barua ilikuja baada ya miezi. Kampuni ilishukuru sana, na ilikuwa imechagua mahali pengine. Haikusema ni kwa nini. Inawezekana ni makaburi, inawezekana ni ule udongo wenye maji, inawezekana ni mambo ya umeme au ya wakubwa wao huko juu. Hakuna aliyejua, na mahali pasipojulikana kitu watu hujaza wenyewe. Ofisini palizuka maneno kwamba kiwanda kimeliwa na mzimu wa Mzee Laurenti. Bi Loveness ndiye aliyeyazima. Aliita watu wote akasema, "Mimi nina baba yangu chini ya udongo Same. Anayetaka nikachimbe msingi wa kiwanda juu yake anyooshe mkono." Hakuna aliyenyoosha. Lakini kwa muda mrefu baada ya hapo alikuwa akikaa kiti cha nyuma bila kuzungumza, na Laurenti hakumlaumu.

Kazi ngumu ilikuwa kumpigia Anastazia. Alizunguka uwanja wa nyumba, akafungua dirisha la vioo, akalifunga, mwishowe akapiga. Akamweleza yote: barua, Miraji, kokoto, gunia. Upande wa pili zilisikika kelele za kiwanda cha ndoo.

"Tuna kaburi Muheza?" Anastazia aliuliza.

"Tunalo."

"Siku zote?"

"Siku zote, mwanangu."

"Na machungwa?"

"Machungwa nilikuwa nanunua nikirudi."

Akamsikia anavuta pumzi. Alijua atakasirika kuhusu kiwanda, alikuwa amejiandaa kwa hilo. Hakukasirika kuhusu kiwanda.

"Baba, mimi chuoni nilikuwa nalia watu wakienda kwao. Wanarudi na mihogo, na habari za bibi zao, wananiuliza wewe je. Nasema Tabora. Tabora! Nikiulizwa Tabora sehemu gani, natafuta kwenye ramani. Na wewe una babu amelala mwendo wa asubuhi moja kutoka mlangoni kwako, unaniletea machungwa."

"Niliona aibu," Laurenti alisema. "Kwa jinsi alivyozikwa. Niliona na wewe utaona aibu."

Anastazia akakata simu, na Laurenti akalala akiamini kwamba siku moja imemnyang'anya vyote viwili, kiwanda na mtoto.

Mkesha wa tarehe mbili ya Novemba, Anastazia alishuka stendi ya Tanga bila kutoa taarifa. Begi lake lilikuwa dogo, la mtu anayerudi kazini Jumatatu, na jembe jipya limefungwa gazeti, mpini wake umechomoza. Alilala kwenye kitanda cha mninga. Asubuhi wakapita Muheza, na kwa mara ya kwanza machungwa yalinunuliwa wakati wa kwenda.

Miraji aliwaona tangu mbali. Hakufungua geti la mbele. Aliwaacha wazunguke, akatangulia kule mwisho, na walipofika walimkuta amesimama mbele ya ile mikonge mitatu, miguu ameitanua, rungu amelilaza mbele yake kama kizuizi cha polisi.

"Nyamwezi, huyu ni nani?" akauliza. "Mtumwa mpya? Hapa hapiti mtu. Hapa ni Uzigua. Mrudishe alikotoka."

Laurenti alimtazama binti yake kwa wasiwasi. Utani haufundishwi darasani, na Anastazia alikulia mjini, akasomea Dar, akazoea watu wa kuombana samahani. Alikuwa amesimama na jembe begani, akizitazama kokoto. Aliziangalia kwa muda mrefu, mpaka Laurenti akafungua kinywa amwambie Miraji awe na huruma.

Hapo Anastazia akainua kichwa, akamtazama yule mzee wa Kizigua kuanzia kofia hadi ndala.

"Sogea, Mzigua," alisema. Hakuishusha sauti. "Umesimama kwetu."

Miraji akaachama. Kisha akaangua kicheko, akaokota rungu lake, akasogea pembeni hatua moja ya heshima. Anastazia akapita, akapiga magoti, akaanza kung'oa magugu kwa mikono, jembe amelisahau. Laurenti hakuweza kusogea. Alibaki amekumbatia mfuko wa machungwa, analia waziwazi mbele ya mtani wake, jambo ambalo lingemgharimu kuchekwa mpaka mwisho wa maisha yake.

Lakini Miraji hakumcheka. Alinyoosha mkono tu, apewe chungwa lake.